Lori jekundu la Darajani: fundi saa amgeuza roboti mara mia

Nianze na bei ya hili lori la kuchezea linalogeuka roboti, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Muuzaji alitaja laki na ishirini. Nikacheka. Akashuka mpaka laki, nikamuaga kwa adabu, nikenda zangu. Nilipofika duka la tatu la mbele nikasikia naitwa: "Mzee, njoo basi, kesho sikukuu!" Tukamaliza elfu 85. Hapo ni Darajani, sokoni mjini Unguja, usiku wa kuamkia Idd, inakaribia saa tano, watu wamejaa njiani mpaka vespa zinasukumwa kwa mkono. Duka silitaji, kwa sababu nitakayoyasema si yote mazuri, na yule kijana hakukitengeneza yeye, kakifungua sandukuni tu kama mimi.

Alichoniuzia ni lori jekundu lenye trela la kijivu, ambalo ukiligeuza linasimama likawa mtu. Aliyekua miaka ya themanini na karibu na nyumba yenye deki ya kanda za video anamjua: Optimus Prime, roboti wa katuni ya Transformers. Sandukuni jina hilo hulioni. Kuna maandishi ya Kichina, kuna picha ya roboti wa manjano ambaye ndani hayumo, na kuna karatasi ya maelekezo yenye picha nyeusi kama zilipigwa chumbani umeme umekatika. Ni kopi, tena kopi iliyokuzwa. Hilo nililijua kabla sijatoa pesa, kwa hiyo simlaumu mtu.

Miye ni fundi saa. Nina meza yangu Mkunazini, huu mwaka wa 26. Sina kabati la vioo lenye maroboti yamepangwa kwa mwaka na kwa rangi. Nina bisibisi ndogo, nina lenzi ya jichoni, na nina tabia mbaya ya kutoamini kitu mpaka nikifungue. Mtoto wangu ana miaka tisa na roboti huyu ni wake. Ndivyo nilivyomwambia mama yake, ambaye alilitazama lile sanduku, akanitazama na mimi, akasema tu, "Haya, baba watoto," akaenda kuangalia mikate yake ya ajemi. Nyie wenye wake mnaijua hiyo "haya."

Nikiri ukweli. Nimezaliwa Wete. Enzi hizo umeme wa Pemba ulikuwa wa mashine za dizeli, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umekuja 2010, sisi tumeshakuwa watu wazima. Jirani yetu alikuwa na nduguye Maskati, akaletewa deki na kanda, na katika kanda zile zilikuwemo za Grendizer, katuni ya roboti ya Kijapani, kwa Kiarabu. Tukijazana sebuleni watoto ishirini. Kiarabu chetu kilikuwa cha chuoni, cha juzuu Amma, kwa hiyo mazungumzo hatukuyafahamu hata kidogo, lakini wimbo ule alioimba Sammy Clark wa Lebanoni tuliuimba njia nzima kwa maneno tuliyoyatunga wenyewe. Umeme ukikatika katikati ya vita, mwisho wa hadithi tunaumaliza wenyewe barazani, kila mtu na wake, na mara nyengine tukipigana kwa sababu ya huo mwisho.

Grendizer ni wa mwaka 1975, vipindi 74, kazi ya Go Nagai, yule yule aliyeanza na Mazinger Z mwaka 1972. Kwa Mazinger alimtia kijana ndani ya kichwa cha roboti akamwendesha kama dereva wa gari la abiria, na tangu siku hiyo Wajapani hawakurudi nyuma. Lakini maroboti hao hawageuki. Mwaka 1974 alikuja Getter Robo, ndege tatu zinaungana kuwa mmoja, na ukizipanga vyengine anatoka mwengine. Kwenye katuni raha. Tatizo ni kwamba chuma kilichochorwa kinavutika kama unga wa chapati: mkono unatoka mahali pasipo na nafasi ya mkono. Mchoraji hadaiwi nafasi. Fundi anadaiwa.

Siku moja mtoto wa yule jirani alikuja kwetu analia, lori lake jekundu limeng'oka mkono. Baba yangu naye alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache. Alimlaza yule roboti juu ya kitambaa cheupe kama saa ya mtu, akatoa skurubu moja moja, akatazama bega lilivyokaa, goti linavyokunja, kichwa kinavyojificha. Alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema, "Alotengeneza hichi ni fundi." Sikumsikia kumsifu mtu vile kabla, wala baadaye, na mimi mwenyewe nikiwemo. Pini iliyovunjika aliibadilisha kwa pini ya mkanda wa saa, mkono ukarudi.

Kwa hiyo swali langu kwa kitu cha elfu 85 halikuwa kama kinafanana na kile cha zamani. Kinafanana. Nilitaka kujua kama kazi ya yule fundi bado imo ndani.

Nikafanya kama ninavyoifanyia saa niliyoitilia chemchemi mpya: nikampa kazi. Kila jioni baada ya Isha nilimgeuza mara kumi, siku kumi, naweka alama kwenye kifuniko cha boksi. Namna ya kumgeuza ni hii. Unatenganisha trela. Nyuma ya kichwa cha lori ndiko kuliko miguu, unaivuta chini, unazipindua nyayo zije mbele. Ubavuni mwa lori ndimo mikono, unaifungua nje. Juu unapindua kipande kimoja na kichwa kinatokea, kilikuwa mle mle muda wote kimekutazama kinyumenyume. Vioo vya mbele vya lori vinakuwa kifua. Mara ya kwanza ilinichukua dakika nne na karatasi ile haikunisaidia lolote. Siku ya kumi nilikuwa natumia sekunde 25, macho yakiwa kwenye taarifa ya habari.

Na nasema bila haya: raha ipo. Hata katika kopi hii, ile hesabu ya kwamba mguu wa mtu ndio sehemu ya kufungia trela, kwamba hakuna kipande kinachokaa bure, inakufikia mkononi. Walionakili wamenakili ukungu, yaani ile kalibu ya kumwagia plastiki, na akili ya aliyechora imekuja nayo, wametaka wasitake.

Sasa mabaya. Mara ya 34 bega la kushoto lilianza kushuka lenyewe. Unamnyanyua mkono ashike bunduki, polepole unashuka, kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole kisha akaona jibu hana. Mara ya 60 na la kulia likafuata. Nikafungua. Binamu yangu amekuja kula Idd kutoka Maskati na roboti wake, toleo la marudio la Takara wenyewe, kampuni ya Japani iliyomtengeneza mwanzo, nikaweka wote wawili mezani nikapima. Wa binamu anasimama kiasi cha sentimita 16, wangu 24. Mara moja na nusu. Muuzaji alinisifia ukubwa huo, na ukubwa huo ndio ugonjwa wake. Ukikuza kitu mara moja na nusu kila upande, uzito unapanda mara tatu na zaidi. Pini nayo ukiikuza vivyo hivyo, unene wake unaobeba mzigo unapanda mara mbili na robo tu. Hapo nimewapa heshima ya kudhani waliikuza. Niliyoitoa begani ilikuwa nyembamba kama ile ile ya zamani. Mkono mzito, pini ya mtoto. Hata saa ya ukutani hutaifungia chemchemi ya saa ya mkono.

Dawa ipo na ni rahisi. Paka pini rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, tabaka moja jembamba, acha usiku mzima ikauke kabisa, rudisha. Mabega yamekaza mpaka leo. Usitie gundi ya papo hapo kama huna mkono mwepesi, ukikosea utakuwa na sanamu. Rangi ya kucha niliiomba ndani, na nikaulizwa ya nini, na nikajibu ya saa.

Bomba mbili za moshi zimepakwa ile rangi ya kung'aa kama kioo. Usizishike na mikono ya jasho. Hewa yetu ya chumvi inaila hata nikeli ya saa za bei, sembuse hii; wiki ya tatu bomba moja limeanza kuchubuka kwenye ncha. Magurudumu ni mpira kweli, yananuka mafuta ya taa, siku mbili za barazani harufu ikaisha. Stika zimebandikwa kiwandani na mtu mwenye haraka zake. Kifua kina chuma ndani, hilo sikulitarajia kwa bei hii, na ndilo linalompa ule uzito mzuri akiwa lori. Ukimsukuma sakafuni anakwenda moja kwa moja mpaka ukutani.

Trela nalipenda kuliko roboti mwenyewe, nisameheni. Linafunguka likawa kituo, lina mkono wa mashine, na kigari kidogo kinachorushwa nje kwa springi. Ile springi ya kopi ni kali mno, kigari kilipiga mguu wa kiti cha bibi yetu, akauliza kama ni panya. Lakini tazameni kwenye ule mkono wa mashine. Kuna kijichumba chenye kiti. Kiti cha nani, ikiwa roboti anajiendesha mwenyewe?

Hapo ndipo hadithi ilipo. Lori hili lilizaliwa kabla ya jina lake. Takara walikuwa na mfululizo wao ulioitwa Diaclone, ulioanza 1980, na ndani yake maroboti yalikuwa na madereva: vijitu vidogo vyenye sumaku nyayoni. Lori hili lilikuwa miongoni mwao. Hasbro wa Marekani wakaja, wakachukua ukungu za Diaclone na za mfululizo mwengine wa Takara, wakayaita yote Transformers mwaka 1984, wakawapa watu wa Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni, kazi ya kutunga hadithi na majina. Katika hadithi mpya maroboti ni viumbe hai kutoka sayari nyengine, madereva hawana kazi tena, wakaachwa Japani. Viti vikabaki. Miaka arubaini baadaye kiwanda cha China kinakuza lori kwa mara moja na nusu na kinakuza na kiti, kwa uaminifu kamili, cha mtu ambaye hawajui kama aliwahi kuwepo. Nimekitazama kwa lenzi. Kina hata mstari wa mgongo wa kiti.

Kwa hiyo kabla hatujawatukana sana Wachina tujue kuwa ukoo wa kitu hiki umechanganyika tangu mwanzo. Jetfire, ile ndege nyeupe waliyoililia watoto, ukungu wake ulikuwa wa kampuni ya Takatoku, na ndege yenyewe ni VF-1 ya katuni ya Macross ya 1982, mchoro wa Shoji Kawamori. Kwenye katuni ya Transformers ilibidi wambadilishe sura na wamwite Skyfire ili haki za watu zisiguswe. Tofauti ni kwamba wale wa Hasbro walilipa. Hawa wa sanduku langu hawakumuuliza mtu, na hilo linaniuma kidogo, kwa sababu najua mtu anayebandika jina la Uswisi kwenye saa isiyoijua Uswisi anavyonipa tabu mezani. Hawa angalau jina hawakubandika.

Vijana wawili wanaokuja kukaa mezani kwangu jioni wananiambia napoteza muda, roboti ni Gundam. Nawaheshimu. Gundam wa 1979 alipangiwa vipindi 52, watazamaji wakawa haba akakatwa kwenye 43, kisha mwaka 1980 yakaja yale masanduku ya kuunga mwenyewe ya yeni 300 na Japani nzima ikageuka kichwa. Hiyo ni historia na siipingi. Lakini Gundam ukishamuunga umemaliza. Anasimama pale anakutazama. Saa ikishaungwa inaendelea kufanya kazi, na mimi ndivyo ninavyotaka kitu kiwe: niguse leo, niguse kesho, na kila nikikigusa kinifanyie kitu. Walinijibu kuwa mimi mzee. Mmoja ana miaka 31.

Wa binamu nimemgeuza mara moja tu, chini ya ulinzi. Hakuniruhusu bisibisi. Tofauti iko sikioni kabla haijawa machoni: goti la Takara likifika mahali pake linasema ta, mara moja, linakaa. Langu linasema krr. Vipande vya mikono yake vinafunga ubavuni bila mwanya, vyangu vinapitisha kadi ya simu. Bei aliyoinunulia ukiibadili kwa shilingi ni karibu mara nne ya yangu, na yeye hamwachii mtoto amguse. Anarudi nalo Maskati ndani ya nguo, kama yai. Nilimuuliza unacheza naye lini? Akanywa kahawa.

Wangu umechezewa. Siku ya pili ya Idd mtoto alichukua pesa zake za sikukuu na roboti wake wakaenda Mnazi Mmoja, kwenye zile pembea na vibanda, na walirudi saa nne usiku wakiwa pungufu ngumi moja. Hili ni kosa la muundo tangu mwanzo na hata Takara wenyewe wanalo: ngumi hazijifichi ndani. Ni vipande vya kuchomeka pembeni, unavitoa akiwa lori, unavirudisha akiwa mtu. Kwenye katuni mikono inaingia ndani yenyewe na hakuna anayeuliza imekwenda wapi. Kwenye baraza la nyumba iliyo na watoto watano swali hilo linaulizwa kila siku. Kama mnanunua, chukueni nyuzi ya kushonea, fungeni ngumi zote mbili ndani ya trela kabla hamjamkabidhi mtoto. Miye sikufanya.

Mtoto hakulia, ila alimweka yule roboti dirishani akiwa lori, akawa hamgeuzi. Siku mbili. Nikatafuta uani kandambili ya buluu iliyokatika, nikachonga ngumi kwa wembe, nikaitoboa tundu la kushikia bunduki. Buluu haikulingana sana. Lakini mpira unang'ang'ania kichomeo kuliko plastiki yao, huing'oi mpaka utake, na kwenye mara kumi za jioni hiyo haikuanguka hata moja. Ngumi ya pili, ile ya kiwandani, ilianguka mara tatu.

Ushauri wangu wa kununua ni huu. Kwa laki na ishirini, hapana. Kwa elfu 85 na una chupa ya rangi ya kucha nyumbani, ndiyo, na mwambie muuzaji akufungulie sanduku hapo hapo uhesabu: ngumi mbili, bunduki, kigari, mkono wa mashine, bomba mbili. Kama alichokutolea ni kidogo kuliko cha kwangu, mchukue mdogo, mabega yatadumu. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita usithubutu, zile ngumi zinaingia mdomoni.

Juzi nilipita tena pale dukani. Mzigo mpya umekuja, sasa anaanzia laki na nusu. Kijana alinikumbuka, akaniuliza kama ni kweli natengeneza mabega, nikasema miye natengeneza saa. Kesho yake saa tatu asubuhi kaja mama mmoja na mtoto wake na lori jekundu ndani ya mkoba, kaelekezwa na dukani. Mchana wakaja wengine wawili. Kwa hiyo hii hapa bei, msinibishanie: bega elfu tatu, ngumi elfu mbili. Za kulia zimeisha, za kushoto ninazo mbili. Na aliye na kandambili za buluu zilizokatika asizitupe, aniletee Mkunazini.